Sarafu Haijafika, Salio Limetoweka, Soko Limegoma: Anzia Hapa Kuchunguza

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi zaidi kuhusu kripto una maneno matatu: "Pesa yangu imepotea." Ukimhoji aliyeutuma kwa dakika tano, unakuta ndani yake kuna mambo sita au saba yasiyofanana. Mmoja katuma kupitia mtandao usio wake. Mwingine kaandika maneno yake ya siri kwenye tovuti ya tapeli. Wa tatu pesa ipo palepale, ila programu ya simu haiionyeshi. Dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine, ndiyo maana nimepanga mambo haya kwa dalili.

Kabla ya dalili yenyewe, shika jambo moja. Skrini ya pochi (programu au kifaa kinachotunza funguo za sarafu zako), ya soko (kampuni ya kununulia na kuuzia sarafu) au ya tovuti ni maelezo ya mtu mwingine kuhusu pesa yako. Daftari lenyewe ni leja ya wazi, ile blokucheni, na kila mtu anaweza kuisoma bure: mempool.space kwa Bitcoin, Etherscan kwa Ethereum, Tronscan kwa Tron. Unabandika anwani au namba ya muamala, unaona kilichotokea. Kusoma hakuhitaji kuunganisha pochi wala kuandika neno lolote la siri. Ukiona tovuti inakudai hivyo ili "uone salio", toka.

Leja nayo ina mpaka wake. Sarafu zilizo kwenye pochi ambayo funguo zake, yaani siri zinazoruhusu kutuma, unazo wewe zinaonekana humo. Salio lililo kwenye soko halionekani kwa jina lako, kwa kuwa liko kwenye vitabu vya soko, na leja inajua tu anwani kubwa za soko lenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila dalili ni hili: funguo anazo nani sasa hivi?

Na wakati unatafuta jibu, usitume chochote. Usimjibu pia mtu aliyejitokeza ghafla kwenye ujumbe wa faragha akisema yeye ni fundi.

Dalili: Nimetuma, haijafika

Tafuta namba ya muamala, ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Kama ulituma kutoka kwenye soko na soko halijakupa namba hiyo, sarafu bado hazijaondoka. Zimo kwenye foleni ya ukaguzi wao wa ndani na hakuna pa kuzitafuta nje. Subiri, au waandikie wao. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na imewatoa watu jasho bure.

Namba ikiwepo, ibandike kwenye tovuti ya leja ya mtandao uleule uliotumia. Hapo utakuta muamala ama unasubiri, ama umethibitishwa.

Muamala ukiwa unasubiri, tatizo ni ada. Bitcoin hufunga bloku moja, yaani ukurasa mmoja wa leja, kwa wastani wa dakika 10, na wachimbaji, wenye kompyuta zinazoandika kurasa hizo, huchukua kwanza miamala yenye ada nono. Hata ukishaingia kwenye bloku, soko linalopokea husubiri uthibitisho kadhaa. Desturi ya siku nyingi ni 6, yaani kama saa nzima. Ikiwa ulituma kutoka pochi yako mwenyewe, tafuta kitufe cha kuongeza ada, na programu itautuma upya muamala uleule kwa ada kubwa zaidi. Usipofanya chochote, muamala wa Bitcoin usiothibitishwa husahauliwa na kompyuta nyingi za mtandao baada ya wiki mbili hivi, na sarafu hubaki kuwa zako.

Kwenye Ethereum kuna mtego wa ziada. Miamala ya anwani moja ina namba za mfululizo. Wa 14 ukikwama, wa 15 na wa 16 hukaa nyuma yake kama magari nyuma ya lori lililozimika kwenye daraja jembamba. Watu huona kimya, wakabonyeza "tuma" tena na tena, na foleni ikarefuka. Ondoa lile lori: tuma muamala mwingine wenye namba ileile ya 14, hata kama ni wa sifuri kwenda kwako mwenyewe, kwa ada kubwa kuliko ya ule wa kwanza.

Muamala ukiwa umethibitishwa lakini mpokeaji haoni kitu, soma anwani ya mpokeaji kwenye leja. Kama ndiyo uliyokusudia, sababu kwa kawaida ni mtandao. USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, ni jina moja lenye makazi mengi: ipo Ethereum, ipo Tron, ipo BNB Chain na kwingineko. Anwani za Tron huanza na T, kwa hiyo pochi nyingi zitakukatalia ukizichanganya na zile za Ethereum zinazoanza na 0x. Lakini Ethereum na BNB Chain hutumia umbo moja la anwani, na hapo ndipo watu hupotea. Ikiwa anwani ni ya pochi yako, ongeza mtandao huo kwenye programu na sarafu zitajitokeza, kwa kuwa ufunguo mmoja unafungua kote. Ikiwa ni anwani uliyopewa na soko, ufunguo uko kwao. Ni wao tu wanaoweza kuziokoa, wengine kwa malipo, na wengine hukataa katakata.

Kisha kuna tagi, au memo. XRP, Stellar na sarafu nyinginezo huingia sokoni kupitia anwani moja kwa wateja wote, na ile namba ndogo ya pembeni ndiyo inayosema mzigo ni wa nani. Mimi mwenyewe niliwahi kuiacha wazi. Sarafu zilifika sokoni chini ya dakika moja, kisha zikakaa siku kumi na moja huku nikitumiana barua pepe na watu wa huduma kwa wateja, kila barua ikiuliza swali nililokwisha kulijibu kwenye ile iliyotangulia. Zilirudi. Tangu siku hiyo natuma kidogo kwanza, nangoja kifike, ndipo natuma kilichobaki.

Na kama anwani kwenye leja siyo uliyoikusudia, kuna wezi wa aina mbili wa kushuku. Wa kwanza ni programu hasidi inayobadilisha anwani kati ya kunakili na kubandika. Kipimo chake ni rahisi: nakili anwani yako yoyote, ibandike kwenye ukurasa mtupu wa maandishi, linganisha herufi zote. Ikibadilika, kifaa hicho kimeambukizwa. Usikitumie tena kwa jambo lolote la pesa mpaka kifutwe chote.

Wa pili haingii kabisa kwenye kifaa chako. Anatengeneza anwani inayofanana na ile unayoitumia mara kwa mara, mwanzo na mwisho, kisha anakutumia kiasi cha bure ili anwani yake iingie kwenye orodha ya miamala yako. Siku ukinakili kutoka kwenye orodha, unanakili ya kwake. Nilikaa na rafiki mmoja aliyeapa kwamba alituma mahali sahihi. "Si hii hapa, inaanza na 0x7a, inaishia e91." Nikamwomba anisomee herufi za katikati kwa sauti, moja moja, mimi nikimfuata kwa kidole kwenye anwani ya kweli. Alifika ya sita akanyamaza. Mei 2024 mtu mmoja alitumbukia kwenye mtego huohuo akatuma bitcoin 1,155 zilizowekwa kwenye mtandao wa Ethereum, thamani ya takriban dola milioni 68. Baada ya mazungumzo ya siku kadhaa mwizi alirudisha karibu zote, jambo ambalo ni nadra kiasi kwamba usilipangie bajeti.

*Simama hapa:* muamala uliothibitishwa kwenda anwani isiyo yako haufutiki. Anayedai anaweza "kuurudisha nyuma" kwa malipo anakuibia mara ya pili.

Dalili: Nimefungua pochi, salio ni sifuri

Tulia kwanza. Mara nyingi kosa liko kwenye macho ya programu. Umebadilisha simu ukaingia kwenye akaunti namba 2 badala ya namba 1. Umechagua mtandao mwingine. Au kompyuta ambayo programu inasoma kwake imelala. Bandika anwani yako kwenye tovuti ya leja. Sarafu zikiwa bado zipo, huna hasara yoyote. Sasisha programu kutoka duka lake rasmi, au rejesha pochi kwenye programu nyingine inayoaminika. Usitafute "kurekebisha pochi" kwenye mtambo wa utafutaji, maana matangazo ya juu pale ndiyo nyumbani kwa matapeli.

Leja ikionyesha kwamba kweli zimetoka, usianze kufuta wala kusakinisha kitu. Tazama namna zilivyotoka, kwa kuwa hapo ndipo utajua ugonjwa.

Kama zimetoka tokeni (sarafu zilizojengwa juu ya mtandao wa sarafu nyingine) za aina moja au mbili tu, huku sarafu mama ya mtandao, mfano ETH (ether) ya Ethereum, imebaki bila kuguswa, huenda ulitia sahihi idhini. Ulienda kwenye tovuti, pengine ya "kugawa tokeni bure", ukaunganisha pochi, ukabonyeza "kubali". Idhini ile iliuruhusu mkataba wa kidijitali, yaani programu inayojiendesha kwenye leja, kuchota tokeni hiyo kwenye pochi yako, mara nyingi bila kikomo na bila tarehe ya mwisho, hata miezi sita baadaye. ETH yenyewe haichotwi kwa njia hiyo. Tiba ni kufuta idhini. Etherscan ina ukurasa wa kuzikagua, na revoke.cash hufanya kazi hiyohiyo. Andika jina la tovuti kwa vidole vyako, usifuate kiungo ulichotumiwa. Kufuta hakurudishi kilichokwenda. Kunafunga mlango tu.

Kama vimetoka vitu vyote, sarafu mama ikiwemo, na pengine kwenye mitandao mitatu kwa dakika chache, maneno yako ya urejeshaji, yale ya siri yanayofungua pochi nzima, yamevuja. Kufuta idhini hapa ni kubadilisha kitasa wakati mwizi ana ufunguo. Sababu, kwa jinsi ninavyokutana nazo: umeyaandika kwenye tovuti au fomu ya "kuthibitisha pochi", umeyapiga picha na simu ikaipandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, umesakinisha pochi feki au programu iliyodukuliwa, au kuna mtu wa karibu aliyeyaona. Wachache hupewa kifaa kilichochezewa. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa kampuni ya vifaa vya pochi ya Ledger zilivuja, majina na anwani za nyumbani, na mwaka uliofuata baadhi yao walipokea kwa posta vifaa bandia pamoja na barua ya kuwaomba wahamishe pochi zao. Kifungashio kilikuwa kizuri. Kifaa halali hakiji na maneno yaliyokwisha kuandikwa; hukutengenezea mapya mbele yako, kwa kawaida 12 au 24 kutoka orodha ya maneno 2,048.

Pochi iliyovuja haitengenezwi. Chukua kifaa kisafi, tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, hamishia huko chochote kilichobaki, ukianza na chenye thamani kubwa. Usiitumie tena ya zamani hata kama imetulia wiki nzima.

*Simama hapa:* usiongeze ada kwenye pochi iliyovuja ili "uokoe" tokeni zilizobaki. Wezi huacha roboti inayonyakua kila senti inayoingia ndani ya sekunde. Kama kilichokwama humo ni kikubwa, kuna mafundi wa usalama wanaoweza kupanga miamala kadhaa ipite kwa mkupuo mmoja. Tafuta kampuni yenye kazi zake hadharani, na isiyokuomba malipo ya mbele kwa kripto.

Kuna mtego wa kinyume unaonichekesha kidogo. Mtu asiyejulikana anabandika hadharani maneno yake 12 akijidai mshamba: "Nina USDT humu, nisaidieni kutoa." Ukifungua unaikuta kweli USDT, ila hakuna TRX, sarafu mama ya Tron, ya kulipia ada. Unaingiza ya kwako, na papo hapo inatoweka, kwa kuwa anwani imepangwa kudai sahihi ya pili ambayo huna. Hapo aliyedhani ameokota ndiye aliyeokotwa.

Dalili: Soko linakataa kunitolea pesa

Hapa ndipo woga na ukweli huchanganyika zaidi, kwa hiyo nenda polepole.

Kagua mambo madogo kwanza. Je, umebadilisha nenosiri au simu karibuni? Masoko mengi hufunga utoaji kwa saa 24 au zaidi baada ya hapo, kwa faida yako. Je, kitambulisho chako kimekubaliwa, na kikomo cha siku hujakipita? Je, ni sarafu moja tu inayogoma au zote? Ikiwa ni moja, huenda mtandao wake uko kwenye matengenezo. Jaribu kutoa nyingine kiasi kidogo. Ukurasa wa hali ya huduma wa soko utasema.

Sababu ya pili ni kizuizi cha ukaguzi: sarafu ulizoweka zilipitia anwani iliyowekewa alama ya wizi. Hili huwakuta sana wanaonunua kwa watu binafsi. Toa ushahidi wa ununuzi wako, na uutume kupitia tiketi ndani ya akaunti, si kwa "wakala" wa nje.

Sababu ya tatu ni kwamba hilo si soko. Ni tovuti yenye grafu zinazocheza, uliyoonyeshwa na rafiki mpya wa mtandaoni. Mwanzo ulitoa kidogo na kikatoka. Sasa salio limenenepa, na ukitaka kutoa unaambiwa ulipe kwanza "kodi", "dhamana" au "ada ya kufungua akaunti". Alama yake ni moja na sijaiona ikikosea: soko la kweli hukata ada kutoka kwenye salio lako. Likikudai ulete pesa mpya ili likupe ya zamani, ile ya zamani haipo, na zile tarakimu zinazonenepa ziliandikwa tu na mwenye tovuti.

Sababu ya nne ni nadra, lakini ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya shaka ya umma: soko ni la kweli na limeishiwa. Soko la Mt. Gox la Tokyo lilisimamisha utoaji wa bitcoin Februari 2014 kwa kisingizio cha hitilafu ya kiufundi, na mwezi huohuo likaomba kufilisika likiwa na pengo la bitcoin zipatazo 850,000. Kati ya hizo, 200,000 hivi zilipatikana baadaye. Wadai walianza kulipwa bitcoin zao Julai 2024. Celsius, kampuni ya kuweka na kukopesha kripto, ilifunga utoaji Juni 2022, mwezi mmoja kabla ya kuomba kufilisika. Soko la FTX lilifunga tarehe 8 Novemba 2022 na kuomba kufilisika tarehe 11. Siku moja kabla ya kufunga, mwanzilishi wake Sam Bankman-Fried alikuwa ameandika hadharani kwamba mali ziko salama. Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 25.

Ukiyasoma matukio hayo mfululizo, kuna ishara inayojirudia: utoaji wa kila kitu, kwa kila mtu, unasimama, na maelezo yanayotolewa ni ya hisia. "Tuko imara." "Ni tahadhari tu." Hitilafu ya kweli huja na jina la mtandao, muda, na taarifa inayosasishwa. Ukiona utoaji unachelewa kwa watu wengi lakini bado unapita, toa sasa, uliza baadaye. Ukiwa umekosea, hasara yako ni ada.

Lango likishafungwa: pakua taarifa zote za akaunti na historia ya miamala kabla tovuti haijazimwa, piga picha za salio zenye tarehe, usiweke kitu kipya. Kesi ikifika mahakamani kutakuwa na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha dai. Hapo hitaji wakili wa masuala ya ufilisi, hasa kama kiasi ni kikubwa au soko liko nchi nyingine. Na kaa macho, maana wadai nao huwindwa. Agosti 2023 kampuni ya Kroll, iliyokuwa ikisimamia madai ya FTX na ya kampuni nyingine mbili za kripto zilizofilisika, BlockFi na Genesis, ilipoteza taarifa za wadai baada ya wezi kuhamisha laini ya simu ya mfanyakazi wake mmoja.

Dalili: Siwezi kuingia kwenye akaunti

Kama msimbo wa tarakimu 6 unakataliwa kila mara, tazama saa ya simu. Misimbo hiyo hubadilika kila sekunde 30 na hutegemea saa sahihi. Simu iliyopotea dakika mbili itakataliwa milele. Weka saa ijipange yenyewe. Nusu ya kesi za aina hii huishia hapo.

Ulibadilisha simu bila kuhamisha programu ya misimbo? Tafuta misimbo ya akiba uliyopewa siku ya kujiandikisha. Huna? Soko lina utaratibu wa kukutambua upya, mrefu na wa kuchosha, na hauna njia ya mkato.

Lakini kama simu imeandika ghafla "hakuna huduma" wakati walio kando yako kwenye kampuni ileile wana mtandao, acha mengine yote. Kuna mtu amehamisha laini yako. Tumia simu nyingine kupiga kampuni ya simu waifunge, kisha ingia kwenye barua pepe kwa kompyuta ubadilishe nenosiri, kisha soko, kwa mpangilio huo. Anayeishika barua pepe huushika mlango wa kila kitu. Usione aibu kwamba imekupata: tarehe 9 Januari 2024 akaunti ya X ya SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, ilitekwa kwa njia hiihii na kutangaza uongo kwamba mifuko ya uwekezaji ya bitcoin imeidhinishwa. Idhini ya kweli ilitoka siku iliyofuata.

Na aliyesahau neno moja kati ya 12, akijua ni la nafasi ipi? Hilo linatibika. Kuna maneno 2,048 ya kujaribu, na hesabu ya ukaguzi iliyomo ndani ya maneno yenyewe hubakisha takriban 128. Fanya hivyo kwa programu ya chanzo wazi kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Yakipotea manne au zaidi, usijisumbue peke yako.

Dalili: Kuna tokeni ambayo sikununua, au niliyonunua haiuziki

Ile ya bure iache ilivyo. Usiiuze, usiitume, usitembelee tovuti iliyoandikwa kwenye jina lake. Kuwemo tu pochini haina madhara.

Isiyouzika mara nyingi iliandikwa hivyo tangu mwanzo: mkataba wake unaruhusu kununua na kumzuia kila mtu kuuza isipokuwa mwenyewe. Tazama kwenye leja kama kuna anwani yoyote ya kawaida iliyowahi kuuza. Kama hakuna hata moja, hiyo pesa imekwenda.

Dalili: Nimepigiwa na "huduma kwa wateja", anajua jina langu na salio langu

Kujua taarifa zako si uthibitisho wa chochote. Mei 2025 soko la Coinbase la Marekani lilitangaza kwamba wahalifu walikuwa wamewahonga baadhi ya wafanyakazi wa huduma kwa wateja walioko nje ya Marekani ili wawape taarifa za wateja, kisha wakaidai kampuni dola milioni 20. Kampuni ilikataa kulipa. Funguo hazikuguswa, walichotaka ni orodha ya watu wa kuwapigia simu.

Kata simu. Ingia sokoni kwa anwani uliyoihifadhi wewe, fungua tiketi, uliza. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji maneno yako, msimbo wako, au anayekuambia uhamishie pesa kwenye "pochi salama" aliyokuandalia.

Dalili: Hakuna kilichoharibika, ila siamini tena

Nimeiweka humu kwa makusudi, kwa sababu naisikia kuliko zote na watu huitibu vibaya. Wengine huiponya kwa kusoma maneno matamu ya mwenye soko. Wengine kwa kutangaza kila kitu ni utapeli. Shaka ya namna hii inapimika.

Pima kwa kutoa. Kila baada ya muda toa kiasi halisi kutoka sokoni hadi pochi yako, uone kimefika kwenye leja. Ndilo jaribio pekee ambalo mteja wa kawaida anaweza kulifanya mwenyewe, na si dogo. Machi 2022 daraja la Ronin, njia ya kuhamishia sarafu kati ya mtandao mmoja na mwingine, liliibiwa ether 173,600 na dola za kidijitali milioni 25.5 baada ya wezi kushika funguo 5 kati ya 9. Wenye daraja hawakujua kwa siku sita. Waligundua pale mtumiaji mmoja aliposhindwa kutoa ether 5,000.

Soko likikuonyesha ushahidi wa akiba, uliza na upande wa pili: madeni. Kuonyesha sanduku lililojaa bila kusema unadaiwa kiasi gani ni nusu ya hesabu. Soko la QuadrigaCX la Kanada liliwaambia wateja kwamba mwanzilishi wake, Gerald Cotten, alifariki Desemba 2018 akiwa peke yake mwenye funguo. Mwaka 2020 wasimamizi wa Ontario walihitimisha kwamba pengo kubwa lilitokana na ulaghai wake mwenyewe wakati wa uhai: aliweka salio za kubuni kwenye akaunti za majina bandia na kufanya nazo biashara dhidi ya wateja wake.

Wala usidhani wakubwa wana macho tofauti na yako. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa ether zipatazo 400,000, karibu dola bilioni 1.5, kutoka pochi baridi (ambayo funguo zake hutunzwa nje ya intaneti) iliyohitaji sahihi za watu kadhaa. Waliotia sahihi waliona kwenye skrini zao muamala wa kawaida. Ukurasa waliokuwa wakiutazama ulikuwa umebadilishwa, na walichokisaini kilikuwa kingine. FBI iliwataja wadukuzi wa Korea Kaskazini. Ndiyo maana skrini ndogo ya kifaa cha pochi isomwe yote, anwani nzima, kabla ya kubonyeza. Na ikionyesha herufi usizozielewa, kataa.

Ukiwa umeibiwa kweli: nani, na ubebe nini

Haraka ni muhimu kuliko ufasaha. Tether na Circle, wanaotoa USDT na USDC, wana uwezo wa kuzuia anwani, kwa kawaida wakiombwa na vyombo vya dola. Masoko nayo yanaweza kushikilia sarafu zilizotua kwao. Fuata pesa kwenye leja mpaka uone ilipotua. Tovuti za leja huandika jina la soko kando ya anwani zake zinazojulikana. Liandikie soko hilo mara moja, kisha nenda polisi uombe namba ya kesi, kwa kuwa bila hiyo wengi hawatajibu. Kwa kiasi kikubwa, mchukue wakili kabla hujalipa mtu yeyote wa kufuatilia.

Andaa ukurasa mmoja: tarehe na saa, anwani yako, anwani ya mwizi, namba za miamala yote, jina la mtandao, na mazungumzo yote uliyokuwa nayo, bila kufuta hata yale ya kuaibisha. Anwani na namba ziweke kama maandishi yanayonakilika. Picha za skrini peleka pia, lakini afisa akilazimika kuandika herufi 42 kwa mkono kutoka kwenye picha, atakosea moja, na anwani atakayoitafuta haitakuwa ya mwizi wako.